Shangazi na Santuri za Breki

4 Februari

Kaka,

Kabla sijakusalimu naomba unijibu kwanza: huyo anayeimba kwenye santuri ya kwanza ni mwanamke au mwanamume? Maana mimi nasema ni mwanamke. Bosi wangu kapita dirishani akasema ni mtoto, na tumekaribia kukosana huko karakana ya makochi kwa ajili hiyo.

Haya, salamu. Sisi wazima. Shangazi mzima, goti limetulia, ila siku hizi anacheka peke yake akifua. Ukimuuliza anasema sabuni imemwingia. Sabuni gani inamwingia mtu akacheka, sijui. Paka kahamia kwa jirani kwa hiari yake. Bendi yetu haipo, maana wewe ndiye sauti na mimi ndiye ngoma, na ngoma peke yake ni mtu anayegonga ndoo tu. Najua utasema leo Kimya kaongea. Kwenye karatasi naweza, mdomoni ndipo panapokwama.

Sasa jambo lenyewe. Breki amekuja tena. Ndiye yule dereva wa malori mstaafu niliyekuambia, anayemtaka shangazi. Shangazi akaniita nikae, akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Ninyi wawili niliwalea bila kuwauliza kama mnataka kulelewa na mimi. Hili la kuolewa nawauliza. Mwandikiane wenyewe, mimi nisiwepo katikati. Kila mmoja aandike ndiyo au hapana kwa mkono wake. Zikipatikana ndiyo mbili kabla mwezi wa sita haujaisha, naolewa. Ikiwepo hapana hata moja, mzee nampa chai ya mwisho."

Breki naye kaja na boksi. Kaliweka mezani, kavua kofia, kasema, "Mimi kuongea sikujaliwa. Humo mna santuri kumi na mbili, kantri na nyimbo za kienyeji za wachunga ng'ombe wa Marekani. Miaka ishirini na nane barabarani hizo ndizo zilikuwa utingo wangu. Mkizisikiliza mtanijua." Kavaa kofia, kaondoka. Chai hajaigusa.

Kaka, sisi watu wa panki, muziki wa mbio na kelele. Sisi tumevunja stuli mbili kwa kucheza. Kantri? Lakini nikasema mzee kajileta kwa heshima, tumpe haki yake. Sheria ni ile ile yetu: unasikiliza umesimama, mwanzo hadi mwisho, hakuna kuruka wimbo hata ukiuma kama jino. Mimi nikimaliza nampa dereva wa mayai akuletee huko kwenye mabanda yako ya kuku, maana simu haishiki huko.

Nimesikiliza kwenye mashine yetu, ile tuliyoipiga gundi ya sponji kwenye swichi ili ikae spidi ya panki, mizunguko arobaini na tano kwa dakika, shangazi asiihamishe akifuta vumbi. Na nikuambie kweli, nimeshangaa. Kwenye kava kuna mwanamume kaegemea uzio kama mtu aliyepoteza ufunguo. Lakini anayeimba ni mwanamke, sijui kajificha wapi, anaimba mbio kama kafukuzwa na nyuki. Fidla inalia kama mbu mwenye shida. Ni panki, Kaka. Ni panki ya shambani. Nimecheza mpaka stapla ya makochi imeanguka.

Niandikie unaonaje.

Mdogo wako, Kimya


27 Februari

Kimya, mdogo wangu,

Salamu zako nimezipata, na yai moja limepasukia juu yake, kwa hiyo neno baada ya "shangazi mzima" sikulisoma. Natumaini lilikuwa jema. Mimi mzima. Kuku wazima. Meneja mzima kwa bahati mbaya. Wamenipa banda namba tatu, kuku elfu moja, na hakuna hata mmoja anayenisikiliza, kwa hiyo ni kama jukwaani tu.

Sasa. Mwanamke gani?

Mdogo wangu, mimi nimesikiliza kwenye mashine ya marehemu mama yake Meneja, mashine kubwa kama kabati, imewekwa stoo ya chakula karibu na banda. Anayeimba ni mzee. Mzee mwenye sauti ya jenereta inayokata. Anaimba taratibu mpaka nikadhani umeme unapungua. Wimbo wa kwanza kaachwa. Wa pili kaachwa na mwingine. Wa tatu nikakaa chini. Ndiyo, nimevunja sheria, nimekaa kwenye gunia la pumba. Machozi yalinitoka, ila pumba ina vumbi, tusiende huko.

Wewe unacheza nini humo? Mtu akicheza kwenye muziki huu apelekwe hospitali.

Nafikiria hivi. Mtu aliyeishi na nyimbo hizi miaka ishirini na nane ni mtu wa namna gani? Atakaa sebuleni kwa shangazi kama msiba uliokataa kuisha. Shangazi ni mtu wa kucheka. Sisi tulikuwa tunarudi na vichwa vimepakwa rangi nyekundu, anasema "haya, majogoo wangu, kanawieni nje." Huyu mzee atamzima.

Kura yangu: hapana. Lakini kwa penseli.

Jambo moja la ajabu, usimwambie mtu. Nikipiga kaseti zetu za panki banda namba tatu, mayai yanapungua. Meneja kanikataza kwa maandishi. Siku niliyoweka santuri ya Breki, kuku wote wakakaa. Kuku elfu moja, kimya, wananitazama kama wamesikia habari za ndugu yao. Kesho yake mayai yamezidi trei sita.

Kaka yako


20 Machi

Kaka,

Tunaendelea vizuri. Neno lililopasukiwa na yai lilikuwa "goti". Shangazi kanunua kitambaa cha maua, kasema ni cha dirisha, lakini kakipima mabegani mbele ya kioo. Nilikuwa mlangoni, hakuniona. Watu huwa hawanioni, ndiyo faida yangu.

Kuhusu mzee mwenye sauti ya jenereta, nadhani dereva wa mayai kakuchanganyia na santuri ya mtu mwingine. Rudia kuangalia kava. Au hizo pumba zimekuingia masikioni.

Santuri ya pili nimeisikiliza mara nne. Hiyo sasa ni bendi ya watoto wa shule, wasichana watupu, na mmoja anapiga banjo kama mvua ya mawe kwenye bati. Wimbo mzima dakika moja na nusu. Sisi tulijitahidi miaka mitatu kucheza haraka hivyo tukashindwa, wewe ukalaumu ngoma zangu. Mtu anayependa muziki huu ana moto ndani, Kaka. Shangazi hatazimwa, labda ataungua.

Breki nimemchunguza. Anakuja kila Alhamisi. Anasalimia, anakaa ukingoni mwa kiti kama kiti ni cha serikali, kofia anaikunja na kuikunjua mpaka inachoka. Anaanza sentensi: "Leo barabarani nimeona..." halafu anaiacha hapo hapo. Shangazi anaimalizia mwenyewe, anacheka, na mzee anatikisa kichwa kama vile ndivyo hasa alivyotaka kusema. Mimi namwamkia "shikamoo", ananijibu "marahaba", basi, mkutano umefungwa. Mwezi wa pili sasa hatujavuka hapo.

Kazini tuna makochi saba ya hoteli, yote yana fizi. Yaani sponji zimetoka mbele, Bosi anaziita fizi. Nikipata nafasi naweka uso kwenye sponji naimba nyimbo za ile santuri. Sauti haitoki nje. Bosi anadhani nalala.

Barua imeisha karatasi. Nakutumia santuri ya pili na ya tatu.

Kimya


15 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu ziwafikie wote, pamoja na huyo paka msaliti. Barua yako imekaa wiki mbili kwenye gari la mayai maana dereva aliifanya kabari ya trei. Mimi mzima. Siku hizi navaa kofia kazini. Usiniulize kwa nini.

Santuri ya kwanza nakurudishia na barua hii. Ya pili nimeisikia. Watoto wa shule wako wapi? Ni wanaume watano wazima, mmoja anakohoa katikati ya wimbo. Banjo ndiyo inakwenda kidogo, lakini nayo inakwenda kama mtu anayetafuta kiatu gizani. Wimbo mmoja dakika mbili na zaidi, na zote wanataja mto. Kimya, mimi na wewe tumekulia chumba kimoja, najua masikio yako. Uliwahi kusikia gitaa langu limelegea uzi mmoja katikati ya watu mia wanaopiga kelele. Kuna kitu hakiko sawa na sijui ni kwako au kwangu.

Ya tatu nimeisikiliza nimesimama, mwanzo hadi mwisho, kuku wakiwa mashahidi. Inasikitisha, sikatai. Lakini nitakuambia kitu ambacho nikikisema mbele ya wenzetu wa panki watanivua koti langu la misumari: inapendeza. Ile hasira niliyokuja nayo huku, ya Meneja, ya harufu, ya kuamka na jogoo, nilipomaliza upande wa kwanza sikuiona. Nimeitafuta. Haipo. Sasa nitaimba panki na nini?

Kwa hiyo hapana yangu nimeifuta nusu. Limebaki "ha".

Lakini naomba nikuulize wewe. Umeniandikia kurasa na kurasa. Umemsifia mzee, ana moto, ana nini. Santuri zake unazicheza mpaka stapla zinaanguka. Ndiyo yako iko wapi? Nimesoma barua zako zote juani, nikazigeuza nyuma. Haipo. Mtu anayependa hivyo haandiki ndiyo, kwa nini?

Kaka yako


9 Mei

Kaka,

Shangazi mzima, anakusalimu, anauliza unakula. Kitambaa cha maua kimekuwa gauni.

Kaa chini kabla hujaendelea. Kaa kwenye gunia.

Juzi Breki kaja karakana na kochi lake, la watu wawili, anataka lishonwe upya. Mimi nilikuwa nimeleta mashine kazini kwa sababu Bosi hayupo, nimeweka santuri ya sita, niko juu ya meza ya kukatia nacheza. Mzee kasimama mlangoni. Nikashuka. Nikasema shikamoo. Hakujibu marahaba. Kaka, mzee huyu hajawahi kukosa marahaba. Kasimama kainamisha kichwa, anasikiliza, kisha kauliza polepole, "Kijana, hawa watu wanakimbizwa na nani?"

Nikamwambia ndivyo walivyo. Akasogea kwenye mashine, akavaa miwani, akaona ile gundi.

"Umeifunga hii?"

"Ndiyo, baba. Santuri zetu sisi ni zile ndogo, zinataka spidi."

"Na zangu zote umezisikiliza hivi?"

"Zote sita."

Kaka, mzee kakaa kwenye kochi la hoteli akaanza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega tu, mpaka miwani ikaanguka kwenye ndoo ya misumari. Nilidhani kapatwa. Nikamletea maji. Alipopata pumzi akatoa kisu cha mfukoni, akakwangua gundi taratibu kama anayemtoa mtu mwiba, akasukuma swichi thelathini na tatu, spidi ya santuri kubwa, akaweka ile ya kwanza uliyonirudishia.

Yule mama akaota ndevu mbele ya macho yangu.

Ni mzee. Ni jenereta inayokata. Ulisema kweli na mimi nikazisingizia pumba, naomba radhi. Zile nyimbo zote nilizocheza, mtu alikuwa anazika watu humo ndani, mimi natingisha kiuno.

Nikasimama nikasikiliza upya, kwa sheria. Na Breki naye akasimama. Sikumwambia sheria, Kaka, aliona tu mimi nimesimama, na nyonga yake mbovu, akasimama mpaka upande ukaisha, akageuza santuri, akasimama tena. Ilichukua dakika arobaini. Ulikuwa mkutano wetu mrefu kuliko yote.

Mwisho akasema, "Naomba ile spidi yako mara moja." Nikampa. Akatikisa mguu mmoja, ule mzima. Akasema, "Hii itafaa kwenye sherehe. Kama itakuwepo."

Akanitazama. Nikaenda kutafuta nyundo, ingawa nyundo nilikuwa nimeishika.

Kura yangu nitaiandika barua ijayo. Kalamu imeanza kukwaruza.

Kimya


2 Juni

Mdogo wangu,

Mimi mzima, nimekwaruzwa tu. Nimejaribu spidi yako hapa. Nilitaka nisikie ulichokuwa unasikia. Kuku elfu moja walisimama kwa pamoja. Kumi na wanne walipita juu ya uzio, mmoja tumemkuta kwenye gari la Meneja, kashika usukani. Nimepewa onyo la pili kwa maandishi. Nayatunza, ni maandishi mazuri.

Sasa sikiliza. Panki yangu ya kichwani, zile nywele za kusimama katikati, niliinyoa mwezi wa tatu. Nilikuficha. Ilikuwa nyekundu, unakumbuka, na jogoo wa banda namba tatu alidhani ni kilemba cha jogoo mwenzake, akadhani nimekuja kumpindua. Kanipiga mateke siku nne mfululizo. Siku ya tano nikatafuta mkasi. Nilidhani nitajisikia nimewasaliti wewe na bendi. Nilijisikia baridi kichwani, basi.

Nimekuambia yangu ili na wewe uniambie yako. Hutaki. Haya, nitasema mimi. Mimi niliondoka hapo nikiwa na miaka kumi na tisa, nikajisifu namwachia shangazi nafasi. Wewe ukabaki. Ukimpa Breki ndiyo yako, shangazi anafunga kitambaa chake cha maua na masufuria, anaenda kwa mzee. Unabaki na mashine na paka asiyerudi. Jioni ukirudi na vumbi la sponji kichwani, nani atakuuliza umekula?

Sikulaumu. Lakini usimlaumu mzee wa watu kwa kalamu inayokwaruza.

Yangu hii hapa, kwa wino: NDIYO. Kwa herufi kubwa na alama ya kidole, kidole kina kinyesi kidogo, samahani. Imebaki ya kwako. Mwezi wa sita una siku thelathini tu, na dereva wa mayai atapita kwenu mara moja zaidi kabla haujaisha.

Kaka yako


28 Juni

Kaka,

Sisi wazima. Shangazi mzima, haulizi kitu, na hilo ndilo linaumiza. Tangu mwezi uanze hajauliza hata mara moja. Anapiga pasi gauni, analitundika, kesho anapiga tena pasi.

Ulichosema kuhusu nani ataniuliza, sikijibu.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya nyumba ya Breki. Kochi lake nimelimaliza leo, nimekuja kumrudishia. Naomba nikueleze hilo kochi kwa sababu wewe si fundi usingeliona. Ni la watu wawili. Nilipolifungua karakana, upande wa kushoto sponji imekwisha kabisa, imekuwa unga, springi zimelala, mtu anakalia mbao. Upande wa kulia, Kaka, springi zina mafuta ya kiwandani. Karatasi ya dukani iko chini ya mto. Hakuna aliyewahi kukaa. Nimefungua makochi mengi, ya wagonjwa, ya walevi, la mganga mmoja lilikuwa na jembe ndani, sijaona kochi la namna hiyo. Bosi kasema, "Badilisha upande mmoja tu, wa pili mpya." Nikashindwa. Nimebadilisha pande zote mbili, zilingane, zianze pamoja.

Tumelibeba mimi na mzee kutoka kwenye mkokoteni. Mlangoni likakwama. Mimi niko nje na miguu ya kochi, yeye yuko ndani na mgongo wake. Nikasikia honi ya gari la mayai kona. Dereva anashusha trei dukani, kasema dakika kumi, anaondoka, harudi mpaka mwezi wa saba.

Nikamwambia Breki, "Baba, shikilia kidogo, naandika barua." Ni sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia. Hakuuliza barua gani. Akasema, "Andika tu."

Basi naandika. Niliogopa ndiyo ingekuwa neno refu. Kumbe ni herufi tano.

Ndiyo.

Hii hapa tena, isije ikapasukiwa na yai: ndiyo. Kwa wino, kwa mkono wangu. Shangazi nitamwambia leo hii nikifika nyumbani, kwa mdomo, hata nikianza kukwama ataimalizia, amezoea. Uje sherehe na kichwa chako cha baridi. Tutapiga santuri ya kwanza kwa spidi zote mbili, wazee wakae, sisi tuvunje stuli.

Naomba niondoke sasa hivi. Dereva kawasha gari, na Breki bado ameshika upande wake wa kochi peke yake tangu nilipoanza kuandika salamu, na ule ndio upande mzito, na yeye ni mtu asiyejua kusema amechoka.

Mdogo wako, Kimya